Kompyuta Iliyoshiba Barua

Nikiikumbuka asubuhi ile ya Garsen, mwanangu, kitu cha kwanza kinachonijia ni harufu ya matope yaliyokauka kwenye viatu vya watu waliojaa barazani petu, wakingoja kompyuta ipone.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto Tana ulikuwa umefurika hadi mashambani, na barabara ya Hola imekatika. Mimi nilikuwa kijana wa Kipini, karani katika shirika dogo la misaada. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja, laini moja ya simu na programu ya barua pepe ambayo wengi wetu tulikuwa hatujapata kuona mfano wake. Mkubwa wetu, Mungu amrehemu, aliruhusu watu wa mji waitumie. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo alikuja, akaketi kando yangu, akasema, nami nikaandika. Kila barua ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, zikafuata salamu za jamaa, hali ya mvua, afya ya ng'ombe, na jambo lenyewe likaja mwisho kabisa. Majibu nayo yalikuja kwa mtindo huohuo. Nilizipenda barua zile. Hata sasa nikizikumbuka nasikia sauti za waliozisema, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Siku ninayokusimulia ilikuwa siku ya ndoa ya Hawa, binti wa Kiorma aliyekuwa akikaa nyuma ya soko. Baba yake alikuwa amefariki, na walii wake, yaani mwenye kumwoza, alikuwa kaka yake Barisa, aliyekuwa akisoma India. Jamaa za bwana harusi walikuwa wamevuka maji na suruali zimekunjwa magotini ili ndoa ifungwe baada ya sala ya alasiri. Walitaka kurudi kwao kabla mto haujapanda tena. Kwa wiki nzima Hawa alikuwa akingoja neno la Barisa, na alilolisema lilijulikana na kila mtu: bila neno la kaka yake, haolewi.

Basi nikafungua programu. Orodha ya barua ikatokea nusu, kioo kikaganda kidogo, na programu ikajifunga yenyewe. Nikafungua tena, ikajifunga tena. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikachomoa waya wa simu, nikaupuliza, nikaurudisha. Komora, mwenzangu wa ofisini, Mpokomo wa Golbanti na Mkristo mcheshi sana, alisema huenda mashine imepata joto. Tukafunga madirisha. Ikajifunga gizani kama ilivyojifunga mwangani.

Mzee Jillo, ami yake bwana harusi, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. "Karani," akasema, "hiyo inakula nini? Kwetu mnyama akigoma kusimama, tunamtazama tumbo kwanza."

Watu wakacheka. Hawa hakucheka. Alikuwa ameketi na mama yake, pindo la buibui limelowa, macho yake kwenye kioo.

Nikampigia simu fundi wetu aliyekuwa Mombasa. Nikamweleza kila nililolijaribu. Akaniuliza ofisi ina barua ngapi katika programu ile.

"Zote," nikasema.

"Zote zipi?"

"Zote zilizopata kuja. Na zote tulizopeleka."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Ndugu yangu, hujafuta hata moja? Basi diski imejaa hadi shingoni. Programu ikitaka kupokea barua mpya haioni pa kuiweka, inaanguka. Barua zako mpya zimo huku Mombasa, kwenye mashine yetu kubwa, zinangoja, na mimi sina ruhusa ya kuzifungua. Fungua programu bila kuunganisha laini, futa za zamani, umwage pipa, kisha uibane ile nafasi iliyobaki wazi ili diski ipumue. Usikatishe umeme wakati inabana, utapoteza hata unazozitaka."

Nikashukuru, nikaweka simu, nikakaa bila kugusa kitu.

Ili unielewe, mwanangu, yafaa ujue nilivyolelewa. Chuoni kwetu Kipini, tulikosomeshwa Kurani, mtoto akiona njiani kipande cha karatasi chenye jina la Mungu, aliinama akakiokota, akakipangusa na kukichomeka katika ufa wa ukuta kisikanyagwe. Tulifanya hivyo hata tukiwa mbioni kwenda kucheza. Na programu ile, kila barua uliyoifuta iliingia katika picha ya pipa la taka. Picha kabisa, na kifuniko chake. Barua zote zile zina Bismillahi juu. Mkono wangu haukuniruhusu.

Komora aliniona, akajua. Akasogeza kiti. "Kama shida ni pipa, nipishe nifute mimi. Mimi nitajibu mbele ya mchungaji wangu."

"Nikuponze wewe ndiyo niokoke mimi?"

"Basi amua upesi, kaka. Alasiri haitungoji sisi."

Nikaenda kwa Maalim Guyo, aliyekuwa ameketi na wageni akingoja kuifunga ndoa hiyo. Alikuwa mwalimu wa watoto wa mji mzima, mtu wa maneno machache, na tabasamu lake lilitangulia jibu lake. Nikamweleza kila kitu, pamoja na lile pipa.

"Hizo barua zimewafikia wenyewe?" akauliza.

"Zimewafikia, Maalim. Nimewasomea mimi mwenyewe."

"Ulipokuwa chuoni, ukishaihifadhi sura, ubao wako ulifanywaje?"

"Niliuosha."

"Kwa dharau?"

"Hasha. Nilifurahi, maana nilikuwa napewa sura mpya."

"Maji yake uliyamwaga wapi?"

"Mahali safi, penye mgomba."

"Kwenye pipa lako mna magamba ya samaki?"

Nikacheka bila kutaka. "Hamna kitu, Maalim. Ni picha tu."

Hapo akaacha kutabasamu. "Sikiliza. Barua iliyofika imekwisha kazi yake, na amana yake umeitua. Isiyofika ndiyo inayokudai heshima. Leo umewapa nafasi yote waliokwisha kusikizwa, na binti wa watu yuko nje anangoja zamu yake. Kadhi, awezaye kumwoza asiye na walii karibu, yuko Hola, na Hola hakufikiki. Nenda, futa kwa adabu, utuletee neno la Barisa."

Nikarudi. Nilifungua programu bila kuunganisha laini, kama fundi alivyoelekeza, nikaanza kufuta. Kila barua nilimwombea kimoyomoyo aliyeiandika na aliyeandikiwa. Nikamwaga pipa. Kisha nikaiacha ibane nafasi, na mstari mdogo wa buluu ukawa unatambaa kwenye kioo huku Komora akilinda swichi ya umeme kama askari, asiikaribie mtu.

Ulipofika mwisho, nikaunganisha laini. Modemu ikapiga kelele zake. Barua zikaingia, na programu ikasimama imara. Ya Barisa ilikuwamo.

Mama yake aliniomba niisome kwa sauti. Baada ya Bismillahi na salamu, na kuulizia ng'ombe wameponaje na maji, Barisa aliandika kwamba amemridhia kijana yule na amemweka Maalim Guyo kuwa wakili wake wa kumwoza dada yake. Kisha akaandika hivi: "Lakini kabla ya yote mwulizeni Hawa mbele yenu, kama anamtaka. Akisema hapana, nami nimesema hapana."

Wote tukamgeukia Hawa. Kwa desturi, bibi harusi akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa amekubali, na wote tuliokuwapo tulikuwa tayari kukihesabu. Hawa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Namtaka," akasema kwa sauti iliyofika barazani. "Mwandikie sasa hivi, asikae na wasiwasi."

Mzee Jillo akagonga fimbo sakafuni. "Kumbe sauti unayo. Mwenzako ajiandae."

Nikamwandikia Barisa pale pale, na ndoa ikafungwa baada ya alasiri, alhamdulillah.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nami namshukuru Mola kwa walimu alionipa. Ninalokuusia ni hili. Usiyalimbikize yaliyokwisha hadi yakamzibia njia anayekuja, iwe ni kazini, nyumbani au moyoni mwako. Shukuru kwa yaliyopita, uyaage kwa adabu, umfungulie mlango aliye mbele yako. Dini ikikukwaza mkono, usiipuuze wala usijihukumie peke yako. Mwendee ajuaye, umweleze bila kuficha, na akikujibu, inuka ufanye. Na ukipewa neno la mtu ulifikishe, lifikishe lote, hata lile linalomtaka mnyonge aulizwe rai yake mbele ya wakubwa.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na masikio yenye subira. Akujaalie kazi ya halali itakayowafaa watu, na akuweke karibu na wanaokuambia kweli kwa upole. Amin.