Kipande cha Chuma

Miaka ile ya hamsini niliingia kiwanda cha kamba za mkonge nikitaka kufungua mashine. Fundi niliyepangiwa, Mbondei mmoja mkimya, akanipa tupa ya kusugulia na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, akanichorea vipimo, akasema, "Kinyooshe."

Jioni alikiwekea rula, akakiinua dirishani. Mwanga ukapenya kati ya rula na chuma. Akanirudishia nisugue tena. Kesho yake hivyo hivyo, na wiki iliyofuata hivyo hivyo. Viganja vikanitoka malengelenge, na moyoni nikawa namsonya. Nilikuja kujifunza ufundi, si kusugua chuma kama sufuria!

Siku moja mashine kubwa ya kusokota kamba ikasimama. Kabari ndogo inayobana gia isicheze ilikuwa imekatika. Fundi akaja mezani kwangu, akatandaza kiganja. Nikampa chuma changu. Akakiwekea rula, akatazama dirishani. Safari hii mwanga haukupita. Kumbe vipimo vile vilikuwa vya kabari hiyo! Akakipeleka kwenye mashine, akakigongagonga taratibu, kikaingia, na mashine ikaunguruma.

"Tafuta chuma kingine," akaniambia.

Nilirudi nyumbani Chumbageni nikitembea haraka, karibu kukimbia.

"Shikamoo mama. Leo nimetengeneza kitu."

"Marahaba mwanangu." Akajifuta unga mikononi, akaikinga yote miwili ili akipokee. "Kiko wapi?"

Nikamwonyesha upande wa kiwandani, ambako mngurumo ulikuwa ukitufikia hadi pale uani.

"Sikiliza, mama."