Sala Aliyoandikiwa Pasta Jotham

Nilda Mamani hakusamehe, na hakuwahi kujifanya amesamehe. Tulifahamiana mwaka 2014, huku Uarabuni, mimi nikiwa mlinzi kwenye ghorofa moja la Jumeirah Lake Towers, yeye akilea watoto wa madam mmoja Jumeirah Village Circle. Kwao ni Cochabamba, Bolivia. Huko alifundisha theolojia chuoni miaka kumi na miwili, hadi wakubwa wake walipomfukuza kwa kuandika kwamba wa kwanza kumpa Mungu jina katika Biblia ni Hajiri.

“Kijakazi,” alituambia. “Mfanyakazi wa ndani kama mimi.”

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kabla ya ibada, sisi wanawake wa Kenya na Uganda tulimzunguka kwenye kona ya ukumbi tuliokodi Al Quoz. Aliandika somo kwa Kiingereza kwenye daftari, mimi nikilisoma kwa Kiswahili. Wengine walilia. Hatukuwa tumewahi kuhubiriwa habari za mwanamke anayefua nguo za wenyewe.

Pasta Jotham, kiongozi wa kanisa letu, akaomba nakala za masomo yale, eti akague makosa. Ijumaa iliyofuata alihubiri somo la Nilda neno kwa neno, akasema amefunuliwa katika mfungo. Akarudia hivyo mwezi mzima. Kisha kikatoka kijitabu chenye picha yake kwenye jalada.

Nilda alimwuliza mbele yetu.

“Mama, madhabahu si ya wanawake,” akajibu Pasta. “Na hiyo kona yenu, khalas, imefungwa.”

Nilidhani Nilda atalia. Nje alinishika mkono mpaka ukauma. “Teresiah, chuoni nilinyamaza. Huyu nataka aaibike kwa mdomo wake mwenyewe.”

Wiki ile alimwomba Pasta radhi, akamkabidhi somo jipya. Ndani yake aliandika kwamba Hajiri jangwani aliomba hivi: *Suwam kani*. Sisi wanawake alitueleza maana yake ndani ya basi.

Ijumaa ikafika. Pasta akainua mikono. “Roho amenipa lugha ya Hajiri! *Suwam kani!*” Akapaza sauti zaidi. “*Suwam kani*, Bwana!”

Daphine, Mganda aliyekaa kando yangu, akaangua kicheko. Nilda akasimama, akatembea polepole hadi mbele.

“Leo Pasta amesema kweli. Hicho ni Kikechua, lugha ya mama yangu. Maana yake, mimi ni mwizi.”

Akampa mzee wa kanisa, Clifford, daftari lake lenye tarehe. Clifford akalilinganisha na kijitabu, ukurasa kwa ukurasa. Pasta akakemea shetani. Hakuna aliyeitikia amina.

Baada ya mwezi Jotham alihamia Sharjah na wafuasi wachache. Wazee walimtaka Nilda ampe mkono kabla hajaondoka. Alikunja mikono kifuani, akamtazama mpaka yule bwana akainamisha kichwa. Mwenzetu Faustine aliacha kuja. Alisema kanisani si mahali pa kutegana.

“Ana haki,” Nilda akasema. “Na ningefanya tena.”

Alitufundisha, sasa akisimama mbele ya ukumbi, hadi 2017, madam wake alipohama na viza ya Nilda ikaisha. Uwanja wa ndege nilimwuliza kama ana majuto.

“Moja tu,” akasema, akivuta sanduku lake. “Sikungoja Pasaka. Siku ile ukumbi hujaa hadi mlangoni.”