Nyanya Aliyeongea Upande Mmoja

Kasyoka Nzioka alijipatia riziki kwa kuchora midomo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, studio ndogo ya Bwana Wahome ilikuwa River Road, juu ya duka la misumari na mabati, nayo ilitengeneza katuni fupi za kuonyeshwa na magari ya sinema mashambani. Wenzake walichora miti, ng'ombe na nyumba. Kasyoka aliachiwa nyuso, kwa sababu watu wake walipoongea, mtazamaji alisahau kwamba ni wino tu.

Odero, fundi wa sauti, alirekodi maneno kwanza, kisha akamwandikia kila silabi imechukua picha ngapi za filamu. Kasyoka aliegemeza kioo kidogo mezani, akayasema maneno yale polepole na kuchora alichokiona: midomo imefungwa kwenye "m", taya limeshuka kwenye "a", midomo imechongoka kwenye "u". Hakuishia mdomoni. Alikuwa amegundua kwamba mtu akitaka kuuliza jambo, nyusi hutangulia, na kwamba shavu huendelea kusogea kidogo hata neno likishakwisha.

Mwaka mmoja walikuwa na filamu ya Nyanya Tabitha, bibi anayewafundisha majirani kuchemsha maji ya kunywa. Kasyoka alikuwa amefika katikati ya kazi. Jumatatu moja, nyumbani kwake Uthiru, alikunywa chai asubuhi ikammwagikia kifuani. Mumewe, Makau, aliweka kikombe chake chini akamtazama.

"Kuna nini?"

"Hebu jiangalie, Mama Ndeti."

Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala. Jicho la upande huo halikufumbika. Alipojaribu kutabasamu, nusu ya mdomo ilipanda, nusu ikabaki ilipo.

Makau alitaka waende hospitali hapo hapo. Kasyoka alikataa. Aliogopa kuambiwa ni kiharusi, na aliogopa pia kwamba Wahome angeajiri mtu mwingine. Akajifunga leso mpaka shavuni, akawaambia kazini kuwa ni jino. Akaketi mbele ya kioo chake na kuendelea kuchora, ingawa neno "maji" lilimtoka na upepo pembeni mwa mdomo.

Ijumaa walizima taa ili kuitazama kazi ya wiki hiyo. Odero aliwasha mashine, na Nyanya Tabitha akaanza kuongea ukutani kwa upande mmoja wa mdomo, jicho moja likikodoa.

"Kasyoka," Wahome aliuliza, "huyu nyanya amefanya nini?"

Kasyoka mwenyewe hakuwa ameona. Alichora kilichokuwa kwenye kioo, na ndani ya siku hizo chache macho yake yalikuwa yamekizoea. Alifungua leso taratibu, akasimama akingoja kuambiwa akusanye vitu vyake.

Wahome alivuta kiti akakaa. "Imeanza lini hii kitu?"

"Jumatatu."

"Na daktari amesema nini?"

"Sijaenda."

"Jumatatu mpaka leo? Shemeji yangu alipatwa na hiyo, na alipona. Nenda sasa. Filamu itangoja."

Makau, aliyepelekewa habari kazini kwake, alimkuta hospitalini. Daktari alimwambia Kasyoka akunje paji la uso, afumbe macho, ainue mikono, atembee. Kisha akatikisa kichwa.

"Si kiharusi, mama. Ni neva ya uso imevimba. Wengi hupona, ila uso hurudi polepole. Kunywa dawa hizi, na ukilala lifunike hilo jicho."

Walipotoka nje, Kasyoka alisimama karibu na lango, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu Jumatatu. Makau alimshikia mkoba bila kuombwa.

Kazi bado ilihitaji uso, na wake haukufaa tena. Nyumbani, ukiacha mtoto wao, Ndeti, alikuwapo Makau tu, karani wa ghala, mtu ambaye hata kanisani aliimba midomo ikiwa karibu imefungwa.

"Mimi niwe nyanya?" aliuliza.

"Jioni tu, kabla ya chakula. Unasema, mimi nachora."

Alisoma maneno ya Tabitha kama anayeita majina ya bidhaa. Kasyoka aliweka penseli chini.

"Baba Ndeti, hayo si magunia. Unaongea na watu wenye watoto."

Makau alifikiri. Akaiweka karatasi kando, akamgeukia binti yao aliyekuwa akicheza sakafuni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hayo maji usinywe bado." Nyusi zake zilikaribiana, kidevu kikatetemeka kidogo mwishoni. Kasyoka alichora haraka kabla havijapotea. Siku ile ndipo Nyanya Tabitha alipopata uso wake.

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, Makau alijitanda leso ya mkewe kichwani ili, kama alivyosema, aingie vizuri kazini. Kasyoka alicheka mpaka akaegemea meza. Makau alimsogelea.

"Cheka tena."

"Kwa nini?"

"Wewe cheka tu."

Hakuweza kucheka kwa kuamriwa, lakini alijaribu, na Makau akaweka kidole kwenye shavu lake la kushoto. Lilisogea. Kidogo sana, ila lilisogea. Makau alikaa kwenye kiti akiwa bado na leso kichwani, akafunika macho kwa kiganja.

Filamu ilikamilika uso wa Kasyoka ukiwa karibu umerudi wote. Gari la sinema lilipofika Uthiru, walikwenda uwanjani pamoja na majirani. Nyanya Tabitha alitokea kwenye kitambaa cheupe, akainua nyusi, akasema, "Hamjambo wanangu?" Uwanja mzima ukamwitikia kwamba hawajambo.

Mwanamke aliyesimama mbele yao alimnong'oneza mwenzake kwamba yule bibi amefanana na mtu fulani anayemjua, ila hakumbuki ni nani. Makau alivuta kofia usoni, akasema afadhali wakatafute mahindi ya kuchoma kabla hayajaisha.