Uso wa Mtakatifu Agatha Kifuani Mwangu

Mtakatifu wetu alikatwa matiti yote mawili, na akina mama wa chama chetu wanampenda sana kwa ajili hiyo. Kila mkutano lazima habari zake zisomwe: alivyokuwa binti mzuri kule Sisilia, gavana akamtaka, binti akamkataa kwa ajili ya Kristo, na gavana, kwa uungwana wake, akaagiza akatwe. Usiku Mtakatifu Petro akamjia gerezani akamponya. Mwenyekiti wetu akifika pale kwenye kisu hupunguza sauti, na akina mama hufumba macho wakaguna. Kisha tunakunywa chai.

Mimi nilikatwa titi moja tu, la kushoto, katika hospitali ya serikali, na daktari aliyeniomba ruhusa kwanza. Kwa hiyo sikustahili hata mguno mmoja. Chama kilikuja kuniona mara moja, kikaleta machungwa na maji ya baraka, kikaangalia dirisha mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Petro hakutokea. Pengine alikosa taksi.

Niliporudi mkutanoni, kiti cha kushoto kwangu kilibaki kitupu, kana kwamba saratani nayo hutafuta jirani wa kuhamia. Mama mmoja aliniuliza, kwa huruma nyingi, nilikosana na nani kule kwetu Bukavu hata akanitupia kitu kama kile. Nikamwambia nimekosana na wengi, asubiri niwakumbuke.

Mwaka huu, kwa ajili ya sikukuu ya Agatha, somo wetu, tuliamua kushona sare ya kitenge chenye picha yake. Nilimsindikiza mwenyekiti mpaka mtaa wa Fordsburg kwa mtu wa Tanga anayechapisha vitambaa. Wachoraji wa zamani humchora Agatha amebeba matiti yake kwenye sahani, na picha tuliyompelekea ilikuwa hiyo. Yule bwana aliitazama, akauliza kwa adabu hicho kilicho sahanini ni nini. Mwenyekiti, ambaye husoma habari za kisu kila mwezi, akamjibu kwamba ni mikate. Nyumbani binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, aliona ni magwinya, yale maandazi ya asubuhi ya hapa mjini. Sikumsahihisha. Angalau yeye hajawahi kumsomea mtu habari za kisu.

Aliyewahi kushona kitenge cha kanisa anajua shughuli yake. Uso wa mtakatifu lazima ukae kifuani. Ukiangukia nyuma, utamkalia misa nzima. Fundi akikosea mkasi akamkata shingo, mmemfanya shahidi mara ya pili. Ndiyo maana mwenyekiti alisimama juu ya kichwa cha fundi wetu wa Yeoville siku nzima ya vipimo, na zamu yangu ilipofika, utepe ulipozunguka kifua, akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya kufariji mfiwa.

"Dada, utatia pamba kidogo pale. Ao soksi."

"Ya nini?"

"Uso ya Mutakatifu itajikunja. Askofu atakuwa pale, batapiga foto. Haiko muzuri Mutakatifu aonekane vile."

Yaani mimi niliyekatwa nijaze soksi, ili mwanamke aliyekatwa asiaibike kukaa kifuani mwangu. Hasira ile nikaenda nayo kazini. Mteja niliyemsuka jioni ile alitoka saluni na mistari iliyopinda. Kwa bahati nzuri hakuwa na jicho la nyuma.

Kesho yake nikarudi kwa fundi peke yangu. Nikamwambia aihamishe picha kushoto, juu ya mahali penyewe, na nguo aibane hapo ilale.

"Mama Prezida alisema katikati," akasema.

"Mama Prezida atavaa yake."

Siku ya sikukuu joto lilikuwa la kuvunja watu. Kwa waliojaliwa vifua, Agatha alivimba mashavu akawa na matubwitubwi. Kwa kiongozi wa kwaya alitazama dari. Kwangu alilala mnyoofu, macho yote mawili mahali pake, sahani yake mkononi. Mpiga picha alitutazama sote, akanishika bega akanileta mbele, karibu na askofu. Mwenyekiti aliona yote hayo.

Baada ya misa akaniita kwenye chumba cha majoho ya kwaya, akafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu makali ya kutosha, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, sikukusudia kubakiza hata moja.

Akanishika mkono, akaupeleka ubavuni kwake, chini kidogo ya kwapa, pale shavu la Agatha lilipoishia.

"Gusa."

Kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa.

"Tangu lini?"

"Tangu Paska."

Pasaka ilikuwa imekaribia kuzunguka tena.

"Umemwambia nani?"

Akaangalia picha kifuani mwake. "Nilimuomba yeye. Nilimuomba sana." Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya chini anayosomea pale kwenye kisu: "Bakikukata, inaumaka?"

Mwaka mzima nilidhani sauti ile ni mbwembwe. Nikamwambia kweli, kwamba inauma, lakini wanakulaza kwanza, na ukiamka kuna mtu wa kukupa maji. Akauliza kama angeweza kuja nami siku ya kliniki yangu.

Jumatatu alfajiri tulipanda taksi. Nilitangulia kuingia, nikamwachia nafasi ya dirishani, kulia kwangu, lakini hakuitaka. Akakaa kushoto kwangu, akaniegemea pale palipokatwa, hakubanduka mpaka hospitali.