Betri Iliyokufa Wiki ya Fainali

Mwaka 1957 nilikuwa karani wa ghala la kahawa kwetu Meru, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na maringo ya kutosha watu watatu. Mshahara nililipwa kwa kupima magunia. Sifa nilizipata kwa kusoma gazeti. Kila Ijumaa niliteremka Arusha mjini kwa miguu, nikalinunua kwa Mhindi mmoja karibu na soko, na Jumapili baada ya ibada nikawasomea wazee pale kwenye ngazi za kanisa. Mnada wa sadaka ulipokwisha, ndizi na mayai yote yakiwa yamekwisha kununuliwa, watu hawakuondoka. Walinisubiri mimi.

Baba alikuja na kigoda chake akakaa mbele ya wote. Tangu serikali ilipotuhamisha kutoka kule nyuma ya mlima na kuwapa walowezi ardhi yetu, baba alikuwa mtu wa maneno machache sana. Hakulalamika, alinyamaza tu. Lakini nilipomaliza kusoma aliniambia, "Vizuri, mwanangu," na mimi nikatembea na maneno hayo wiki nzima.

Kisha akaja Mmachame na redio yake.

Alitoka upande wa Kilimanjaro, akafungua duka kwenye njia panda chini ya kanisa, na juu ya kaunta akaweka redio ya betri iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa. Nilimchukia kabla hajanisalimu. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku za matope. Aliwaamkia wazee shikamoo kwa kuinama, tena ilitoka moyoni, jambo lililoniudhi zaidi. Kimachame chake na Kimeru cha baba vilisikilizana, kwa hiyo walizungumza bila kuhangaika na Kiswahili, na siku moja nikipita nje ya duka nilimsikia baba anacheka. Nyumbani hatukuwa tumesikia kicheko hicho kwa miaka. Halafu nikamsikia anamwita yule mtu "mwanangu". Jioni ile sikula. Mama alidhani nina homa, na mimi nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu mtu mzima atasemaje kwamba anaonea wivu sanduku la mbao?

Baada ya Krismasi wazee walianza kuondoka mara tu mnada ulipokwisha, wakateremka dukani. Nilibaki nikiwasomea akina mama wawili na mzee mmoja ambaye masikio yake yalikuwa mazito.

Kilichoniokoa kwa muda ni mpira. Mataifa ya Afrika yalikuwa yanashindania kombe lao kwa mara ya kwanza, huko Khartoum. Redio iliyataja kwa maneno machache, ila gazeti lilieleza, na wazee wakarudi kwenye ngazi kunisikiliza. Jumapili moja nilisoma kwamba Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wamepangiwa kucheza na Ethiopia, lakini walikataa kuchanganya weupe na weusi katika timu moja, basi wakaondolewa, na Ethiopia ikaingia fainali bila hata kugusa mpira.

Baba alisimama. Alikuwa amewajua Makaburu kwa karibu, maana mashamba yao yalipakana na malisho yetu ya zamani.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena. Baba akacheka, safari hii kwa ajili yangu, akawageukia wazee wenzake akatangaza kwamba Ethiopia ikichukua kombe atatoa jogoo wake mwekundu kanisani. Nchi ya watu weusi yenye mfalme wake na bendera yake, alisema, haiwezi kuja fainali bure. Sisi tulikuwa na bendera ya wenyewe, Waingereza. Hata mimi niliwaonea wivu Wahabeshi siku ile, lakini wivu mwepesi, wa kupendeza.

Ulidumu mpaka tulipofika nyumbani, baba aliposema kwamba matokeo ya fainali atakwenda kuyasikia kwa Mmachame.

Fainali ilichezwa Jumamosi iliyofuata. Jumapili baada ya mnada wazee waliteremka dukani, nami nikawafuata kwa mbali. Redio ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta.

"Betri imekufa, baba," Mmachame akamwambia mzee wangu. "Naagiza nyingine Moshi. Mnisamehe."

Nilifurahi mno. Wiki nzima ile redio haikutoa sauti, na duka likapwaya, kwa kuwa wengi walikuja kusikiliza habari kwa kisingizio cha kununua sukari. Nilipita mbele yake kila siku bila sababu.

Ijumaa nilipata gazeti. Nililifungua palepale sokoni. Misri manne, Ethiopia hawakupata kitu, na mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja.

Ningeweza kumwambia baba usiku ule. Tulikula ugali wa sinia moja. Badala yake nililiweka gazeti chini ya godoro nikalilalia siku mbili, kwa sababu habari ya kusemwa jikoni isingemrudisha baba kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu. Jumamosi nilimwambia tu, nikitabasamu mpaka magego, "Kesho usiende dukani, baba. Habari ya fainali ninayo mimi."

Alilitazama lile tabasamu langu akalielewa vingine kabisa.

Asubuhi alikuja kanisani na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba. Nilimwona. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilimwona yule jogoo kwapani mwake na bado nikapanda ngazi. Watu walijaa, Mmachame naye yumo. Kigoda cha baba kilikuwa mbele. Nikasoma kwa sauti ya kuhubiri, bao la kwanza mpaka la nne, nikifurahia kila neno kwa jinsi lilivyokuwa langu. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameshika shingo ya jogoo kwa upole na anatazama chini.

Hakusema "Vizuri, mwanangu."

Alisimama akampeleka jogoo kwa mzee wa kanisa, akasema kilichokwisha kuletwa hakirudi nyumbani. Mnada ukafunguliwa upya kwa ajili yake. Mmachame akapanda bei mpaka wengine wakaacha, akalipa, akamchukua jogoo, akamwendea baba akainama kama kawaida yake. "Namrudishia baba yangu," akasema. Desturi iliruhusu. Watu wakapiga makofi, nami nikiwa nimesimama juu yao na gazeti mkononi.

Tulirudi nyumbani wawili, jogoo kwapani mwa baba.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Yeye alijua tangu Jumamosi ile ya fainali. Nimemuuliza sasa hivi. Betri yake ilikuwa nzima."



Mwaka uliofuata nilijinyima mpaka nikanunua redio yangu, kubwa kuliko ya dukani. Niliiweka sebuleni, nikamwita baba, nikamwekea kiti chenye mto. Alisikiliza habari kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Nzuri," akasema. "Lakini hii yako inasema kila kitu."

Akavaa kofia akateremka dukani.