Ndege ya Mafundisho

Mwezi uliopita niliiona tena ile ndege ndogo ya jeshi. Wameisimika juu ya nguzo ya saruji mbele ya lango la kambi, imepakwa rangi mpya, na watoto wanapiga picha chini yake. Ndugu yangu, nilisonya. Kidude kile cha viti viwili na pangaboi puani, leo nacho kinaheshimiwa!

Miaka ile ya wakimbizi kilikuwa kinatuzungukia kijijini kwetu Nyakisasa, mpakani, kila asubuhi, bibi akianika maharage nami nikifukuza kuku. Cha jeshi la nani, hatukuambiwa. Kilipanda kwa kukohoa, kikalala ubavu, kikarudi palepale kama mlevi anayetafuta mlango wake. Mwalimu akatueleza kuwa ni ndege ya mafunzo, marubani wanajifunza. Nikampelekea bibi habari. Yeye alijua mafundisho ya aina moja tu, yale ya Jumamosi kwa katekista.

"Kumbe ya mafundisho!" akasema, uso umemng'aa.

Wakati huo alikuwepo mama mmoja mkimbizi, aliyekuja kwetu na mtoto mgongoni kupalilia migomba apate chakula. Ndege ikivuma tu, alijitupa chini. Kwao, ng'ambo ya mto, alishaona kinachofuata mlio wa namna hiyo. Bibi alimpenda sana, akataka abaki nasi moja kwa moja.

"Mwana wanje, mwanangu, usiogope," alimwambia. "Hiyo ni ya dini."

Akamwamini. Asubuhi iliyofuata ndege ilipokuja alisimama wima, akafanya ishara ya msalaba. Na yule mwanafunzi wa angani, mjinga kuliko darasa letu zima, akapunguza mlio, akaishusha mpaka majani ya migomba yakapinduka, kisha akaingurumisha juu ya kichwa cha yule mama. Alikuwa anacheka. Niliyaona meno yake.

Mama yule aliangusha jembe, akamshika mtoto vizuri, akateremka bondeni mbio. Bibi alimwita mpaka sauti ikamkauka. Hakurudi. Sahani yake ya ndizi na maharage ilikaa imefunikwa kwa jani mpaka ikachacha.

Bibi hayupo tena. Migomba imekauka kwa mnyauko, kambi za wakimbizi zimekuwa vichaka. Kidude ndicho kimebaki.

Pale langoni mtoto mmoja alinisogelea. "Shikamoo babu. Hii ilipigana na nani?"

"Marahaba. Ilipigana na mama mmoja mwenye jembe," nikamwambia. "Ikashinda."