Wakwe Zangu Walipokuja Mjini Kupumzika

Nyumba yangu ya Gungu niliijenga kwa dagaa. Hakuna aliyenisaidia, na shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, kwa hiyo mtu asije kunifundisha mipango. Lakini tangu mama watoto afariki, nyumba ile imekuwa kubwa kama godauni. Watoto wako mbali na kazi zao. Redio naiwasha asubuhi, habari siisikilizi, nataka tu pawe na mtu anaongea.

Ndipo nikapata wazo la kuwaleta wakwe zangu wapumzike mjini siku chache. Wazazi wa marehemu bado wapo, wanakaa kijijini upande wa Kasulu, na mama mkwe hajawahi kuliona ziwa kwa karibu. Marehemu kila mwaka alikuwa anasema tuwalete, mara mvua, mara mavuno, mwaka unakwisha. Na niseme wazi, sikuwaita kwa ajili yao tu. Nilitaka kula na watu.

Nikampigia simu binti yangu aliyeko Mwanza.

"Baba, usiwazungushe kama magunia. Kitu kimoja kwa siku, basi. Mchana walale."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha tu. Wewe ukitembea ni kama unafukuzwa."

Nikapanga. Siku wanayofika, waoge maji ya moto wapumzike. Kesho yake Ujiji asubuhi, kabla jua halijawa kali, baba mkwe amsalimie rafiki yake wa zamani. Siku inayofuata Katonga, waone mitumbwi ikishusha samaki. Bodaboda hapana. Bajaji, na dereva mtu mzima asiyekimbiza. Nikawapa chumba cha mbele kwa sababu kiko karibu na choo na hakina ngazi. Nikamwita fundi akate miguu ya kitanda, maana bibi wa umri ule hawezi kupanda kitanda kama anapanda lori. Nikamtafuta mama jirani, Mmanyema wa Ujiji aliyeolewa huku Gungu, aje kupika. Meza ya kulia niliifuta kwa mkono wangu.

Kwetu Waha, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaoneana haya. Hamketi meza moja, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anapisha. Hilo nalijua tangu naoa. Ila sikuwahi kuliona kama kazi, kwa sababu kazi yenyewe alikuwa anaifanya mke wangu. Yeye ndiye aliyepeleka sahani huku na salamu kule. Katika mipango yangu yote, nafasi yake sikumpangia mtu.

Wakafika. Mchana ule jirani, ambaye mambo yetu hayajui, akapanga sahani tatu mezani, akaita kwa sauti, "Karibuni wazee wangu, mgebuka unapoa!" Mimi nimeshakaa. Mama mkwe akatokeza mlangoni, akaniona, akajifunika kanga usoni akarudi kinyumenyume. Mimi nikatokea mlango wa jikoni mbio kama mwizi, nyumbani kwangu mwenyewe. Baba mkwe akabaki katikati ya sebule anacheka mpaka akakohoa.

"Mama," akamwambia jirani, "ulitaka kuua watu wawili kwa samaki mmoja."

Nikala uani kwenye kigoda. Baba mkwe akataka kunifuata na sahani yake nikamkataza. Mgeni wa kike asile peke yake ugenini. Nikawa nasikia vijiko vyao na maongezi yao, sauti tu, maneno siyapati.

Kwenda Ujiji tulikodi bajaji mbili, wao mbele, mimi nyuma. Safari nzima nilichokiona ni kanga ya mama mkwe ikipepea ubavuni. Binti alipiga simu kuuliza tunaendeleaje. Nikamwambia wazee wanapumzika vizuri. Hapo sikumdanganya.

Katonga ndiko kulikoniuma. Samaki ndiyo maisha yangu. Nilitaka kumwonyesha yule mama kila kitu, kilichomlisha mwanae na kumsomeshea wajukuu. Lakini nilisimama mbali, nikawa namwambia baba mkwe, na yeye anakwenda kumwambia mkewe.

"Baba, huyu ni kuhe, samaki mwingine kabisa, si mgebuka."

Akaenda. Nikamsikia, "Mkweo anasema huyu ni mgebuka aliyenenepa."

Mama mkwe akavua ndala, akatia miguu majini, akacheka kama msichana. Nikamwona mwanae mle mle ndani ya kicheko. Nikashindwa.

"Baba," nikamwambia mzee, "nenda kaniombee kwa mama. Mimi nimezeeka, yeye amezeeka. Aliyetufanya tuoneane haya hayupo. Leo tule pamoja, mara moja tu."

"Mimi ningekula na wewe hata ndani ya sufuria," akasema. "Ngoja nikamuulize."

Wakaongea kando ya nyavu, muda mrefu. Yule mama alikuwa anatazama chini. Mzee aliporudi hakuwa na utani tena.

"Anasema, akikaa na wewe meza moja, utakuwa nani kwake? Utakuwa mzee mmoja tu wa Gungu. Anakuonea haya kwa sababu ya mwanae. Akiiacha haya hiyo, anasema, atakuwa amemzika tena."

Nikamwambia dereva awashe bajaji.

Chakula cha mwisho nilikula tena uani, ila kigoda nilikisogeza chini ya dirisha la sebule. Nikamsikia mama mkwe anamwambia mumewe, "Muulize mkwe wangu kama ugali umemtosha."

"Baba, mwambie mama umenitosha," nikasema, nimeligeuzia dirisha mgongo.

"Mwambie aongeze mawese, amekonda."

"Baba, mwambie nimeongeza."

"Mmeshasikiana wenyewe," mzee akasema. "Mimi niacheni nile."

Asubuhi niliwapeleka stendi, wao bajaji yao, mimi yangu. Basi lilipoanza kuondoka, mama mkwe alikuwa amegeuzia uso upande wa pili, kama inavyotakiwa. Nami nikatazama matairi.

Jirani akaja mchana kuchukua sufuria zake. Akanikuta uani nakula.

"Mzee, wageni si wameshaondoka? Kaa mezani basi."

"Niache," nikamwambia. "Mimi nina mama mkwe."

Akaguna, akabeba sufuria zake akaenda. Nikabaki natafuna.